Kabini ya mikebe: watoto wetu hawahitaji makofi, wanahitaji kipimo

MAONI – Baraka, wilayani Fizi, Kivu Kusini

Kila likizo kubwa inapofika, mitaa ya Baraka inajaa ndege. Siyo zile za kuruka. Ni zile ambazo watoto wanaunda kwa mikebe ya mafuta, waya, kartoni na kandambili zilizokatika. Wengine wanatengeneza helikopta yenye panga za mianzi, wengine ndege ya abiria yenye magurudumu ya vizibo. Watu wazima wanapita, wanacheka, wanapiga picha kwa simu, wanasema "huyu mtoto ana akili", halafu wanaendelea na safari yao.

Mimi nasema makofi hayo hayatoshi, na mara nyingine yanamrudisha mtoto nyuma. Tunamsifu kwa kitu ambacho hatujakiangalia vizuri. Tukikiangalia vizuri, tutaona kwamba mtoto huyo ameshafika mlangoni mwa darasa la hesabu, la fizikia na la ufundi, na amekosa mtu wa kumfungulia.

Nitoe mfano. Hapa Baraka kuna kijana wa mwaka wa tatu wa sekondari aliyejenga kitu tofauti na wenzake. Hakuunda ndege nzima. Ameunda chumba cha rubani peke yake, au kabini kama wanavyosema vijana. Kiti amekikata kwenye bido la plastiki la lita 20. Usukani ni kipande cha mkono wa baiskeli. Ubao wa mbele ni kartoni ngumu, na juu yake amepanga vizibo vya chupa kama kadrani, kila kizibo na mshale wake na namba zake. Picha aliiona kwenye simu ya mtu, akaichora kwa kumbukumbu.

Nilimwuliza kadrani hizo zinaonyesha nini. Akanijibu: "Yaya, mimi nilifikiri ni saa." Kweli, kwenye kila kizibo alikuwa ameandika namba kutoka 1 mpaka 12. Akaendelea: "Watu wote wamekuja kuangalia, lakini hakuna aliyeniambia. Wewe unajua?"

Swali hilo ndilo linanifanya niandike leo. Kijana amefanya kazi ya mikono ambayo wengi wetu hatuiwezi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba vile vizibo vina maana, na kwamba maana hiyo inaweza kujifunzwa hapa hapa Fizi bila kupanda ndege.

Basi tuanze nayo. Ndege ndogo ya kawaida ina kadrani sita za msingi, zimepangwa mistari miwili, tatu juu na tatu chini. Juu kushoto ni ile ya kasi. Inapata habari kutoka kwenye mrija mdogo ulio nje ya ndege: upepo unaingia, unasukuma, na mshale unazunguka. Katikati juu ni ile inayoonyesha kama ndege imelala upande au imenyooka. Nusu yake ya juu ni bluu kama anga, nusu ya chini ni kahawia kama udongo. Juu kulia ni altimita, inayopima urefu kutoka usawa wa bahari kwa kutumia uzito wa hewa, kwa sababu hewa inapungua nguvu kadiri unavyopanda. Chini kushoto ni ile ya kugeuka, katikati chini ni dira, na chini kulia ni ile inayosema ndege inapanda au inashuka kwa haraka gani.

Angalieni altimita peke yake. Haina namba 12. Ina namba 10, kutoka 0 mpaka 9. Mshale mrefu unahesabu mamia ya futi, mshale mfupi unahesabu maelfu. Sasa, ziwa letu Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, yaani futi zaidi kidogo ya 2,500. Kwa hiyo ndege iliyosimama chini, kando ya ziwa hapa Baraka, altimita yake haisomi sifuri. Mshale mfupi uko kati ya 2 na 3, na mrefu uko kwenye 5. Mtoto anayepaka altimita yake namna hiyo amejifunza jiografia ya nyumbani kwake. Ameelewa pia kwa nini rubani anayetoka ziwani kuelekea milima ya Itombwe, yenye sehemu zinazopita mita 3,000, hawezi kukisia kwa macho wakati wa mawingu.

Dira nayo ni hivyo hivyo. Kutoka Baraka kwenda Uvira mshale unaelekea kaskazini. Kwenda Kalemie unaelekea kusini. Kwenda Kigoma ni kusini-mashariki, kuvuka maji. Watoto wetu wanazijua safari hizo kwa boti na kwa pikipiki. Kuziweka kwenye kadrani ni hatua moja tu.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Kadrani ya kawaida ya ndege ina upana wa karibu sentimita 8. Kizibo cha chupa kina upana wa karibu sentimita 3.2. Gawanya 8 kwa 3.2, unapata 2.5. Maana yake, ukitumia vizibo kama kadrani, basi kila kitu kingine kwenye kabini lazima kigawanywe kwa 2.5. Ubao wa mita 1 unakuwa sentimita 40. Kiti cha sentimita 50 kinakuwa sentimita 20, na hapo mtoto hawezi tena kukikalia. Akitaka kukikalia, lazima aache vizibo na atafute mikebe ya nyanya ile mikubwa, ambayo inakaribia upana wa kadrani ya kweli. Hiyo ndiyo hesabu ambayo walimu wetu wanaita règle de trois, na ambayo watoto wengi wanaikariri bila kujua ni ya kazi gani.

Yule kijana wetu alikuwa amechanganya vipimo viwili: kadrani za ndege ndogo na kiti cha ndege kubwa. Nilipomfanyia hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, hakukasirika. Alichukua rula.

Wale wenye uwezo huko Ulaya na Marekani wanafanya kazi hii kwa namna nyingine. Wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki na kuviunganisha. Vipimo vinavyojulikana sana ni 1/72, 1/48 na 1/32. Kipimo cha 1/48 maana yake sentimita 48 za ndege ya kweli zinakuwa sentimita 1. Ile Cessna Caravan ambayo inatua kwenye viwanja vidogo vya mashariki mwa nchi yetu ina mabawa ya karibu mita 15.9. Kwa 1/48 mabawa hayo yanakuwa sentimita 33, kwa 1/72 yanakuwa 22. Kabini ndani yake haizidi ukubwa wa kiberiti, na watu wazima wenye kazi na familia wanatumia majuma kuipaka rangi kwa brashi nyembamba na kijiti cha meno. Hakuna anayewaambia wanacheza.

Kupaka rangi nako kuna sababu zake. Sehemu ya juu ya ubao wa rubani hupakwa nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usirudi machoni mwake. Rangi hiyo tunayo: makaa yaliyosagwa vizuri na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Uji huo ukiwa mzito ndio gundi yetu ya zamani, inashika kartoni na karatasi bila gharama, ila uwekwe mbali na panya na mende. Ukishakauka weusi, unachukua brashi yenye rangi ya kijivu, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, halafu unaipitisha polepole kwenye kingo. Kingo zinaonekana, na kitu kinapata umbo la chuma kilichotumika. Mshale unachorwa mweupe kwa kijiti. Tone moja la verni ya kucha isiyo na rangi juu ya kadrani linakuwa kama kioo.

Hapa niwaonye wazazi. Rangi za mafuta, hasa za zamani zinazobaki kwa mafundi, zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto asiikwangue, asiichome, na anawe mikono kabla ya kula. Na kole ya viatu isitumike ndani ya nyumba iliyofungwa. Tunawajua vijana wanaoivuta ili walewe. Gundi ya muhogo haina tatizo hilo.

Ndugu wasomaji, kuna atakayesema: kabini ya kartoni haitamfundisha mtu kurusha ndege. Nimjibu kwa historia. Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Link alichukua mbao na mivukuto ya vinanda, akaunda kabini ndogo yenye mabawa mafupi, iliyokaa juu ya kiguzo. Rubani akisukuma usukani, mivukuto inajaa hewa na kabini inainama kama ndege. Kwanza wengi waliona ni mchezo, na kweli aliiuza kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa sababu hawakuzoea kuongoza kwa kadrani peke yake katika mawingu na usiku. Mwaka huo huo jeshi likanunua kabini sita za Link. Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na marubani wengi sana wa nchi za Washirika walianza kujifunza ndani ya sanduku hilo.

Link alianza na vitu vilivyokuwa kwenye kiwanda cha baba yake. Sisi tuna mafundi wa boti pale bandarini Mushimbakye. Wanajua kupinda mbao, kupanga mbavu za boti ili zilingane pande zote mbili, kuziba maji yasipite. Mbavu za bawa la ndege zinapangwa kwa akili hiyo hiyo. Je, ni mara ngapi shule zetu zimewaita mafundi hao waje kuongea na wanafunzi?

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili liwe zito kwetu kuliko kwingine. Hapa Fizi tumeijua ndege kutoka chini. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1965 wanakumbuka wakati sehemu hii ya Fizi na Baraka ilikuwa ngome ya mwisho ya waasi wa Simba. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili mwaka huo, akakaa milimani karibu na Kibamba mpaka Novemba. Juu yao zilipita ndege za T-28, zikiendeshwa na Wacuba waliokimbia nchi yao na kulipwa na CIA. Mwishoni mwa Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare wakashuka ufukweni karibu na Baraka. Kwa wazee hao, sauti ya ndege ni amri ya kukimbilia porini. Ile T-28, siku hizi, ni moja ya zile zinazouzwa katika masanduku ya plastiki.

Baadaye zikaja helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, mpaka MONUSCO ilipofunga kazi yake Kivu Kusini mwaka 2024. Zikaja ndege za mashirika ya misaada, zikipita juu ya barabara ya taifa namba 5 ambayo sisi tunaipita chini katika matope. Ndege ilileta bomu, ilileta dawa, ilichukua wagonjwa, ilichukua wakubwa. Lakini kila mara aliyeshika usukani alitoka mbali, na sisi tulikuwa chini tukiinua vichwa. Kwa hiyo mtoto wa Baraka anapoacha mabawa na kuanza kujenga kiti cha rubani, ameuliza swali ambalo wazazi wake hawakuliuliza: ndani kuna nini, na anayekaa pale anajua nini nisichojua mimi?

Wakongomani wanaweza kufika mbali kwa kartoni. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa kartoni, karatasi, plastiki na mikebe ya soda. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA huko New York lilimfanyia maonyesho makubwa peke yake. Vitu alivyotumia vipo hata kwenye takataka za soko letu. Alichoongeza yeye ni uvumilivu na usahihi: kila ukingo ulikatwa sawa, kila dirisha lilikuwa mahali pake.

Sasa tufanye nini? Sisemi tusubiri serikali au shirika fulani lilete mradi. Nina mambo manne ambayo yanaweza kuanza kabla ya mwaka wa masomo kuisha.

La kwanza linahusu pointi za kazi za mikono. Wote tunajua zinavyopatikana katika shule nyingi. Mtoto analeta ufagio au kikapu, na asiyejua kusuka analeta franka. Mwalimu anaandika pointi. Naomba wakurugenzi wa shule wabadilishe kidogo. Mwanafunzi alete mfano wa kitu cha kweli, uwe boti, nyumba, pikipiki au kabini ya ndege, pamoja na karatasi moja inayoonyesha kipimo alichotumia na hesabu yake. Pointi zitolewe kwa usahihi wa kipimo, wala zisitolewe kwa uzuri wa rangi. Aliyeleta ufagio naye aendelee, lakini anayetaka kupima apewe nafasi.

La pili, siku moja ya maonyesho kila mwisho wa mwaka, kwenye uwanja wa shule, mchana, mkuu wa kartie na polisi wakiwa wamealikwa. Hili ni la usalama. Sote tunajua kwamba katika eneo letu kijana akionekana usiku na waya, betri na redio iliyofunguliwa, anaweza kuulizwa maswali makali. Kazi yake ikijulikana na shule, anakuwa na mtu wa kumsemea.

La tatu, wasichana. Katika mitaa nilikopita, wanaojenga ndege ni wavulana. Dada zao wako kwenye bomba wakisubiri maji, au nyumbani wakitwanga muhogo ambao kaka anafanya gundi. Kama kipimo kitaingia darasani, msichana atakipata saa za darasa, wakati hajaitwa jikoni.

La nne linatuhusu sisi waandishi wa habari na wanasiasa. Tumezoea kumwita mtoto wa namna hii "injinia mdogo", kumpiga picha na mheshimiwa, na kumwahidi kwamba atapelekwa kusoma nje. Miezi inapita, mtoto anabaki na picha. Afadhali umletee rula, mkasi na daftari la mistari ya miraba. Bei yake haifiki ile ya chupa za bia zinazonywewa baada ya picha.

Najua wengine watasema wakati huu wa vita na wakimbizi siyo wakati wa kuongea ndege za kartoni. Nawaelewa. Familia inayolala nje inahitaji turubai kwanza. Lakini hapo hapo naona vijana wa miaka 14 na 15 wanaoacha shule kwenda machimbo ya dhahabu Misisi, na wengine wanaofuata makundi yenye silaha kwa sababu huko wanapewa kitu cha kushika mkononi na mtu wa kuwaambia wanaweza. Kabini ya kartoni haitamaliza vita. Ila kijana mwenye kazi anayoipenda, na mtu mzima anayemfuatilia kila wiki, ni mgumu kidogo kumchukua.

Wala sisemi wote watakuwa marubani. Pengine hata mmoja hatakuwa. Lakini mtu aliyejifunza kwamba mshale kwenye kadrani una maana, na kwamba kuusoma vibaya kunaua, atatufaa popote. Chupa ya oksijeni hospitalini ina kadrani. Mota ya boti ina vipimo vyake. Mashine ya sola ina namba ambazo tunaziangalia tu mpaka betri inakufa. Fizi inakosa wasomaji wa kadrani zaidi ya inavyokosa marubani.

Wazazi, mtoto wako akileta mkebe nyumbani, usiutupe kabla ya kumwuliza anataka kufanya nini. Walimu, mpeni kipimo. Na wewe unayepita barabarani na simu mkononi, kabla ya kupiga picha, mwulize swali moja: hiki kinaonyesha nini? Kama hajui, na wewe hujui, tafuteni pamoja. Kijana wa kabini yuko anapaka upya altimita yake, namba 10 safari hii. Anayefahamu mambo ya ndege na anapita Baraka, redio yetu iko tayari kumpeleka kwake.